Maswali ya Kaunta: Kuzunguka Kondoa, Hanang na Singida kwa Pikipiki, Peke Yako

Nauza spea za pikipiki mjini Dodoma. Mara tatu sasa nimeliacha duka kwa wiki nzima, nikapanda pikipiki yangu na kuzunguka peke yangu: Dodoma, Kondoa, Babati, Katesh, Singida, Manyoni, nyumbani. Tangu safari ya kwanza, mteja akija kununua plagi anaanza kuuliza, na foleni nyuma yake inanuna. Nimeyaandika majibu hapa ili siku nyingine niseme tu, "Kasome kwanza, kaka, halafu urudi tuongee bei ya cheni."

Njia yenyewe ni ipi?

Ni mduara. Unatoka Dodoma kwenda kaskazini kwa barabara kuu ya Babati: Mayamaya, Chemba, Kondoa, Kolo, Bereko, Bonga, halafu Babati. Hapo ni kama kilomita 250. Babati unakata kushoto kuelekea Singida, mlima Hanang ukiwa mkono wako wa kulia mpaka Katesh. Kutoka Singida unashuka kusini hadi Manyoni, kisha mashariki. Unateremka ukuta wa Bonde la Ufa, unapita Kintinku na Bahi, unarudi mjini. Jumla ni kilomita 660 hivi, bila kuhesabu michepuko.

Yote ni lami. Kipande cha Dodoma hadi Babati kilikamilika 2018. Waliokipita kabla ya hapo wana hadithi zao za tope na mabasi yaliyolala njiani, waulize. Vumbi na tope utavikuta ukichepuka, na nakushauri uchepuke, maana safari ya lami tupu ungeweza kupanda basi.

Kwa nini siku tano? Bodaboda anaimaliza kwa mbili.

Anaimaliza, na ukimuuliza Kolo pakoje atakwambia kuna matuta.

Siku yangu ya pikipiki huanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa saba au saa nane mchana. Si uvivu. Miezi ya mvua huku kati asubuhi huwa shwari, jua linaanza kuchoma saa nne, mawingu yanajikusanya adhuhuri, na mvua inashuka alasiri. Aliyeondoka saa nne inamkuta porini. Aliyeondoka alfajiri anaisikiliza ikigonga bati la gesti, kikombe cha chai mkononi. Kwa hiyo mimi nahesabu saa kwanza, kilomita baadaye.

Mgawo wangu ni huu: siku ya kwanza Dodoma hadi Kondoa, kama kilomita 160. Ya pili Kolo kwenye michoro ya miambani, kisha Babati. Ya tatu Babati hadi Katesh, fupi kwa makusudi. Ya nne Katesh hadi Singida. Ya tano Singida hadi nyumbani, 240 hivi. Hiyo ya mwisho ni ndefu mno. Kila safari najiambia nitalala Manyoni, na kila nikifika Manyoni najikuta nimeshaipita. Wewe lala.

Niende mwezi gani?

Hili ndilo swali, na wengi wanaliuliza la mwisho.

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Unaanza Novemba mwishoni au Desemba na kuisha Aprili. Mwaka mzima tunapata milimita kama 550 hadi 600, na mara nyingi Februari mvua inakatika wiki moja au mbili, mahindi yanaanza kujikunja na wazee wanaanza kuangalia juu. Singida hawako mbali na sisi. Lakini ukifika Babati umeingia chini ya mawingu mengine. Mamlaka ya Hali ya Hewa inauweka mkoa wa Manyara pamoja na Arusha na Kilimanjaro: vuli yao ni Oktoba hadi Desemba, masika yao Machi hadi Mei. Maana yake ni kwamba unaweza kuondoka Dodoma katikati ya Mei, vumbi limeshaanza, ukajisemea mvua zimekwisha, halafu Bonga ikakupokea na manyunyu ya siku nzima.

Kwa hiyo usisome utabiri wa Dodoma peke yake. Soma wa Manyara na wa Singida pia, kila jioni, na asubuhi kabla ya kuondoka muulize dereva wa lori aliyetoka unakokwenda. Huyo ameiona kwa macho.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Januari, na nilifanya makosa ambayo nitayasimulia hapo chini. Ya pili ilikuwa Agosti: mvua hakuna, ila baridi ya asubuhi na upepo vilinichosha kuliko tope. Ya tatu ilikuwa mwisho wa Mei kuingia Juni. Ardhi bado ina kijani, makorongo yamekauka, alizeti zimeinamisha vichwa. Nikiambiwa nichague, nachagua hiyo. Mwenye moyo mgumu ajaribu Februari, ila akae tayari kulala asipopanga.

Pikipiki gani inafaa?

Uliyonayo, kama umeihudumia. Yangu ni ya cc 150, ile ile wanayoendesha bodaboda wa kijiweni. Ya 125 inatosha kabisa, itahema tu kidogo kwenye vilima vya Bereko na kupanda Saranda, kwenye ule ukuta wa Bonde la Ufa, ukiamua kuzunguka kinyume. Kuna jamaa aliniuliza kama akope anunue pikipiki kubwa ya safari. Nikamuuliza swali moja: ikikufia Katesh, spea yake iko Katesh? Ya bodaboda ina spea hata kwenye duka la sukari na sabuni.

Nifanye nini kabla ya kuondoka?

Badilisha oili. Kagua cheni na sproketi. Meno yakishachongoka kama ya papa, badilisha vyote kwa pamoja, usibadilishe cheni peke yake. Kaza spoku. Angalia liningi za breki. Safisha eya klina. Tairi la nyuma likiwa na kashata (yale meno yake ya mpira) kidogo tu zilizobaki, usiseme litafika. Litafika wapi?

Halafu endesha kilomita 50 siku mbili kabla, si asubuhi ya safari. Fundi akisahau nati, ni bora uijue ukiwa Veyula hapa jirani kuliko Chemba.

Nibebe spea gani?

Wateja wanadhani nitawauzia duka zima. Tyubu moja ya inchi 17, kwa sababu kwa pikipiki kama yangu tyubu ya nyuma inaweza kukusogeza hata ukiitia mbele. Plagi moja. Waya wa klachi na wa eksileta. Kiungo cha cheni. Viraka, gundi, pampu ya mkono, tairi liva mbili. Spana zinazolingana na nati zako, plaizi, bisibisi ya pande mbili. Balbu ya taa ya mbele. Mita mbili za mpira wa tyubu kuukuu, maana hakuna kitu duniani ambacho huo mpira haufungi.

Na mkono wa klachi! Mimi, muuza spea, safari ya kwanza nilibeba kila kitu kasoro huo. Kwenye kona moja baada ya Kolo, ukungu mwepesi, nilikanyaga kinyesi kibichi cha ng'ombe nikiwa mwendo wa kutembea tu, pikipiki ikalala upande wa kushoto kama mbuzi aliyechoka. Sikuumia popote zaidi ya heshima. Mkono wa klachi ulikatika ukabaki kipande cha vidole viwili, na kwa vidole viwili hivyo nilifika Babati. Pale nikauziwa mwingine karibu mara mbili ya bei yangu. Muuzaji hakujua kwamba naijua bei ya jumla, na mimi sikufungua mdomo. Niliona aibu.

Mvua ikinikuta njiani?

Simama mapema, kabla hujalowa. Ukiona pazia la kijivu mbele na upepo wa ubaridi ukakupiga kifuani ghafla, una dakika chache. Vaa koti na suruali ya mvua wakati bado mkavu. Ukivaa juu ya nguo mbichi umejipikia mvuke. Nguo za kubadilisha ziwe kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi, hata kama begi limeandikwa halipitishi maji. Yameandikwa mengi.

Dakika kumi za kwanza za mvua ndizo mbaya zaidi. Oili na vumbi vilivyolala kwenye lami vinaelea juu na barabara inakuwa sabuni. Kaa mbali na michirizi ya rangi, na yale matuta madogo madogo ya rangi kabla ya vijiji yapite ukiwa umesimama wima, bila breki. Breki za ngoma zikiingia maji zinasahau kazi. Ziguse kidogo kidogo huku unaendelea, zipate joto, zirudi.

Radi ni habari nyingine. Huku kwetu kuna sehemu kilomita na kilomita wewe ndiye kitu kirefu, wewe na mbuyu. Usiuendee mbuyu. Usikae juu ya pikipiki pia. Tafuta nyumba na upige hodi. Sijawahi kukataliwa, na mara mbili nimepewa uji. Nyumba ikikosekana, iache pikipiki, ondoka kwenye kilima na miti, chuchumaa mahali pa chini pasipo mkondo wa maji.

Korongo likijaa nivuke vipi?

Huvuki.

Nieleze vizuri, kwa sababu wageni wanalidharau korongo wakiliona kavu. Milima ya Irangi kule Kondoa iliwahi kuliwa na mmomonyoko mpaka serikali mwaka 1973 ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, watu wakauita HADO, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika. Miti imerudi, lakini mito ya mchanga ile imebaki, mipana na tambarare. Mvua ikinyesha milimani, maji hayana pa kukaa. Yanashuka yote kwa pamoja, na yanaweza kukufikia wewe uliye chini ya jua kali.

Januari ile nilichepuka kutoka Kolo kwenda upande wa Pahi. Saa sita mchana nikafika kwenye korongo, upana wake kama wa kiwanja cha mpira. Mchanga mkavu, mweupe. Kina mama watatu walikuwa wamechimba visima vya mchangani, wanachota maji kwa kata na kujaza madumu. Ng'ambo alikuwepo mzee na mbuzi wake, akanipungia mkono. Nikampungia. Akapunga tena, kwa nguvu. Nikaona huyu mzee ni mkarimu. Ndipo nikaona kina mama wameshanyanyua madumu yao na wanakimbia kuja upande wangu, na mmoja ananipigia kelele, "Zima! Zima usikie!"

Nikazima injini. Kulikuwa na sauti kama lori linalorudi nyuma kwenye kokoto, mbali. Kisha yakaja. Si ukuta wa maji kama mtu anavyofikiria. Lilikuja tabaka la povu la kahawia, kina chake kifundo cha mguu, linasukuma vijiti, kandambili moja na kibuyu kilichopasuka. Nyuma yake maji yakawa yanapanda tu, taratibu ukiyatazama, haraka ukiangalia pembeni na kurudisha macho. Vile visima vilikwisha kwanza. Kabla sijamaliza kutoa kofia, pale nilipotaka kupita kulikuwa na gogo linabingirika.

Mama yule akaniambia, "Kaa, mwanangu. Maji haya hayakai, yanapita." Tukakaa chini ya mwembe hadi saa kumi. Alinipa uji wa uwele kwenye bakuli la bati na kuniuliza kwa nini mtu mwenye duka anazurura. Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo.

Yalipoisha, nikataka kupita pale pale nilipolenga mwanzo. Wakanikataza. Mchanga uliokunywa maji unameza tairi hadi kwenye ekseli. Wakanionyesha panapopita ng'ombe, pameshindiliwa kwato, na vijana wawili wakasukuma. Tangu siku hiyo sheria zangu ni mbili: maji yanayokimbia yakivuka nusu ya muundi, nangoja, na mtu wa ng'ambo akinipungia mkono, nazima injini kwanza.

Na tope?

Lipo la aina mbili. La kichanga chekundu linateleza tu, punguza gia, usiguse breki ya mbele, peleka miguu karibu na ardhi. La mbuga, lile jeusi, halitelezi sana, linakamata. Linajibandika kwenye tairi, linajaza nafasi kati ya tairi na madigadi, na baada ya mita mia gurudumu la mbele halizunguki tena. Pikipiki inakuwa kama jembe. Watu wanaongeza mafuta hapo na kuunguza klachi.

Mimi nabeba mwiko. Mwiko wa ugali, wa mbao, uliostaafu jikoni. Unashuka, unaingiza mpini pembeni ya tairi, unalitoa tope vipande vipande kama unakwangua ukoko. Likizidi, fungua madigadi ya mbele uifunge kwenye mzigo. Nati chache tu, utalowa uso lakini utasonga. Ila dawa hasa ni kutoingia. Njia ya mbuga ikinyeshewa leo, ipite kesho kutwa.

Upepo je?

Singida hawatanii. Mji uko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, mawe makubwa na ziwa Singidani pembeni, na kuanzia Juni hadi Oktoba upepo haulali. Kutoka Manyoni kuja Dodoma unaelekea mashariki, na ndiko unakotoka, kwa hiyo unakupiga usoni. Mchana unazidi. Sababu nyingine ya kuondoka alfajiri.

Hatari yenyewe ni upepo pamoja na malori. Barabara hii ndiyo inayobeba mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo, kwa hiyo semi ni nyingi. Semi likija mbele yako linakinga upepo kwa nukta moja, wewe uliyekuwa umeegemea unavutwa ndani, halafu likipita unasukumwa nje. Ukiliona, punguza mwendo, legeza mikono kwenye hendeli, sogea kidogo kushoto ila usipande ukingo wa lami. Mikono iliyokakamaa inaipeleka pikipiki isikotaka.

Visulisuli vya vumbi vya Bahi havina neno. Funga mdomo tu.

Pancha nikiwa peke yangu?

Jizoeze nyumbani mara mbili, ukiwa na mtu wa kukucheka. Njiani nafanya hivi: naiegemeza pikipiki kwa stendi ya kati, jiwe pana chini yake ardhi ikiwa laini. Kabla ya kufungua tairi nazungusha polepole na kulipapasa kwa kitambaa, si kwa kidole, nikitafuta mwiba. Huku kwetu ni mwiba mara tisa kati ya kumi, na ukiuacha ndani umeziba kazi bure. Natoa upande mmoja wa tairi tu, navuta tyubu, natia upepo, naisikiliza karibu na shavu. Shavu linasikia upepo kabla ya sikio. Nasugua, napaka gundi, nasubiri ikauke mpaka isinate. Hapo ndipo watu wanakosea, wanabandika ikiwa mbichi. Hesabu hadi mia mbili. Imba kitu.

Petroli inapatikana?

Ndiyo: Kondoa, Babati, Katesh, Singida, Manyoni. Tanki la lita 11, lita moja kilomita 40 kwa uchache, jumlisha mwenyewe. Huhitaji dumu. Safari nzima inakula lita 17 au 18. Bei kikomo EWURA, wasimamizi wa nishati nchini, wanaitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, ukiondoka Jumanne utajilaumu au utajipongeza. Ya chupa kijijini ni ya dharura. Inusie kwanza, maana wapo wanaochanganya mafuta ya taa.

Nilale wapi, na pikipiki ilale wapi?

Gesti zipo kila mji niliotaja. Nimekuwa nikilipa kati ya elfu kumi na tano na elfu ishirini na tano. Swali langu la kwanza si maji ya moto, ni geti: linafungwa saa ngapi, na pikipiki inaweza kuingia koridoni? Katesh iliwahi kulala na mimi chumbani. Nilizima kikoki cha mafuta, nikafungua dirisha, tukalala vizuri wote wawili.

Mlima Hanang unazuia njia wakati wa mvua?

Lami inapita chini yake, na kwa kawaida haina shida. Lakini watu wa Katesh hawauangalii mlima ule kama zamani. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe vilishuka kutoka mlimani vikaingia mjini na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Mlima una mita kama 3,420 na unajitengenezea mawingu yake. Ikinyesha usiku kucha Katesh, mimi siondoki asubuhi na wala sichepuki kwenye vijito. Nauliza wenyeji kwanza, nasikiliza wanachosema, na kama wanaongea kwa sauti ndogo nafungua begi tena.

Kolo pana nini cha kuona?

Michoro ya miambani ya Kondoa, urithi wa dunia tangu 2006. Kuna zaidi ya mapango 150 yenye michoro. Unaanzia ofisini pale Kolo, unalipa, unapewa mwongozaji. Kufika Mungomi wa Kolo ni njia mbovu, kisha unapanda kwa miguu. Jiwe likilowa ni hatari, vaa viatu, acha gambuti kwa pikipiki. Ile myekundu, ya watu wembamba wenye vichwa vya ajabu na wanyama, inanifanya ninyamaze. Wazee bado wanakwenda pale kutambika, na kuomba mvua ni sehemu yake. Nilimwambia mwongozaji kwamba Januari ile walikuwa wameomba kupita kiasi. Alicheka kwa adabu.

Trafiki?

Leseni ya daraja A, bima hai, kadi ya pikipiki, kofia ngumu kichwani na si kwenye kiwiko, saidi mira zote mbili, taa zote. Vijijini mwendo ni 50. Wasalimie.

Tunakula nini?

Supu ya mbuzi na chapati asubuhi, kuku wa kienyeji ukifika Singida, na ukipewa ugali wa mtama na mlenda usiangalie pembeni, kula. Maji lita tatu kwa siku. Kuhusu nyama choma ya mchana: inaleta usingizi, na usingizi juu ya pikipiki hauna mto.

Mwanamke peke yake, ni salama?

Naulizwa hili zaidi na wanaume. Kwa uzoefu wangu, kofia ikiwa kichwani ni kaka, nikiivua ni "Dada, umetoka wapi na hii?" na kuanzia hapo nina walinzi kijiji kizima. Ninachojilinda nacho ni saa: giza halinikuti barabarani. Simwambii mgeni nitalala wapi. Namtumia mdogo wangu ujumbe kila ninapoondoka na kila ninapofika, na asipoupata hadi saa kumi jioni anapiga. Akinikosa, anapiga 112. Ukiingia kijiji cha Kigogo sema "mbukwenyi" kabla ya kuuliza njia. Utaona uso unavyofunguka.

Mumeo anakuruhusu?

Anaangalia duka.

Ng'ombe barabarani?

Wa kwanza akivuka, wote wanavuka. Usipige honi, usipite katikati. Mtafute mchungaji kwa macho. Mara nyingi ni mtoto wa miaka kumi, na anaijua kazi yake kuliko wewe unavyoijua pikipiki. Ndama ndiye wa kuogopa, anarudi nyuma ghafla kumfuata mama.

Naweza kuongozana nawe safari ijayo?

Hapana. Peke yangu ni peke yangu, na nimeshakataa hata ndugu. Ila mwisho wa Mei, siku ya tatu, nitakuwa Katesh saa nne asubuhi, kwenye kibanda cha supu. Ukiona pikipiki yenye mwiko wa ugali umefungwa kwa mpira wa tyubu nyuma ya siti, agiza na yako.